Kahawa ya Baba

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha sebuleni kwetu Mutsamudu, baada ya mamluki kumchukua baba. Mjomba alikuwa ameichora meza yetu ilivyokuwa asubuhi ile: birika, nusu ya mkate, karafuu zilizomwagika, na kikombe cha baba.

Mamluki mmoja aliyekuja kupekua nyumba aliitazama picha, akacheka. "Vyombo tu," akasema, akatoka.

Mama akaisogelea, shiromani, nguo yake ya kujitanda, imemteleza begani. Nikamwonyesha kwa kidole, siamini macho yangu: kikombe kile pichani kilikuwa kinafuka moshi.

"Kaka, mbona hivi?" mama akamwuliza mjomba, aliyekuwa akifuta brashi zake.

"Kahawa yake haijapoa, dada yangu."

Mama akaupitisha mkono juu ya kile kikombe cha rangi, akaurudisha upesi, kama aliyeungua.