Saluni Iliyowekwa Mahali Pake

Jumamosi, karibu na Porte de Namur, penye maduka ya mji wetu hapa Ulaya, nilimkuta msusi mmoja wa Lubumbashi akibandua picha za mitindo kwenye kioo cha saluni yake. Alikuwa akifunga biashara kabisa. Maman mmoja, rafiki yake, alisimama mlangoni amejifunga kitambaa kichwani, akimpa pole.

“Maman, kosa ni yangu,” msusi alisema. “Nikisoma kule Chandigarh, India, nilikuwa nasuka bantu nywele mu chumba yangu. Mwenye nyumba akakataza: huu muji ulipangwa, hapa ni fasi ya kulala, biashara iko na fasi yake. Alors nikasema, Ulaya nitafungua mu fasi ya biashara.”

“Na bantu?”

“Habakuye, hata mumoja.”

Kitambaa cha maman kikateleza. Ikaonekana misuko mipya, bado inang’aa kwa mafuta. Msusi akaigusa.

“Iko muzuri. Balikusuka wapi?”

“Schaerbeek, ku nyumba ya muntu,” maman alijibu akiangalia chini. “Kule tunapikaka, tunacheka, batoto banacheza.”

Msusi hakukasirika. Alimkaza msuko mmoja uliolegea.

Mji ule wa India ulimfundisha biashara ikae wapi. Sisi wateja, nami nikiwemo, tulikuwa mtaa wa Schaerbeek, kwenye kochi la mtu, tukisubiri zamu, na hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba tunasukiwa huko.