Tangazo Lisilofika Mererani

Mkoa ulipogawanywa na Babati ikafanywa makao makuu ya mkoa mpya, mji ulijaa watu wenye mafaili na watu wenye matofali. Mimi na dada yangu tulikuwa tumeshafika kabla yao. Tulitoka Singida, yeye kwanza akimfuata mume, mimi baadaye nikimfuata yeye. Tulikaa Bagara, katika nyumba ambayo mumewe aliijenga mpaka usawa wa lenta, na dada akaimalizia mwenyewe kwa faida ya mitumba aliyouza sokoni.

Shemeji hakuwepo. Aliondoka kwa sababu ya kodi ya kichwa. Kwenye karatasi za serikali iliitwa kodi ya maendeleo, lakini mtaani sikumsikia mtu akiiita hivyo. Mwanaume mzima alitakiwa kuilipa kila mwaka na kutembea na stakabadhi yake mfukoni. Siku za mnada mgambo walisimama kwenye njia za kuingilia, na asiyekuwa na stakabadhi aliketishwa chini, juani, pamoja na wenzake, mpaka ndugu waje kumkomboa. Shemeji aliketishwa mara moja, mbele ya wateja wa dada. Mwaka ule mvua ilikuwa imekatika mapema na mahindi yetu ya Singe yalikauka yakiwa usawa wa magoti. Dada aliacha biashara, akaenda kumlipia. Shemeji akarudi nyumbani, akanawa, akalala bila kula.

Msimu wa kodi ulipokaribia tena, akasema anakwenda Mererani machimboni, na atarudi akiwa na kitu mkononi. Mwanzoni alituma salamu kupitia watu waliokuja kununua mahindi. Baadaye salamu zikakoma. Dada hakumsema vibaya. Mtu akimwuliza, alijibu, "Yupo kazini," kisha akaendelea kukung'uta mashati na kuyatundika.

Kazi yangu mimi ilikuwa kutangaza. Halmashauri ilikuwa na pikapu kuukuu yenye spika mbili juu ya keria, na walihitaji mtu wa kusoma. Afisa mmoja alinisikia nikisoma matangazo kanisani, akanifuata nje baada ya ibada. Nilikuwa sijaolewa, nimemaliza sekondari, sina shughuli. Nikakubali.

Tulikuwa wawili garini, mimi na dereva. Yeye alikuwa mzee wa Mbulu, mkulima na Mkatoliki, na Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa kwao. Ndiye aliyenifundisha kazi.

"Usikimbie, binti," aliniambia siku ya kwanza. "Mtu yuko jikoni, anasonga ugali. Mpaka atoke nje, wewe uwe bado unasema."

Tulitangaza kila kitu. Mkutano wa kusomewa mapato na matumizi ya kata. Ushuru mpya wa mazao. Fedha za madarasa zimefika, wananchi wajitokeze kuchimba msingi. Chanjo ya watoto. Ng'ombe mwekundu amepotea Sigino, ana alama sikio la kushoto. Na vifo. Watu walileta vifo vyao ofisini asubuhi, nasi tukaviingiza katikati ya habari za serikali, sauti ileile, mwendo uleule. Baada ya muda sikuona tofauti. Niliposoma jina la marehemu nilikuwa nikifikiria kona inayofuata.

Dada aliugua wakati wa baridi. Ilikuwa homa tu, kisha ikawa si homa tu. Walimlaza hospitali, nikawa nampelekea uji kabla ya kwenda kazini. Asubuhi moja nilimkuta muuguzi amesimama mlangoni mwa wodi, akaipokea chupa ya uji mkononi mwangu bila kunipisha niingie. Nikaelewa. Nakumbuka nilijiuliza ile chupa nitarudishiwa saa ngapi.

Majirani walikuja, turubai likafungwa uani, wanawake wakawasha moto. Dereva alikuja na gari, akanivuta pembeni.

"Binti, tangazo litapita leo. Kuna kijana wa kanisani anaweza kusoma. Nimwite?"

"Nitasoma mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Atakosea jina la kijiji chetu cha Singida," nilisema. Ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo.

Tukazunguka. Bagara, stendi, sokoni, tukashuka Singe, tukapanda mpaka Sigino. Nilisema jina la dada, nikasema ni mfanyabiashara wa mitumba, nikasema mazishi ni kesho saa nane. Sikukimbia. Watu walitoka jikoni nami nikawa bado nasema. Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka upande wa mlima Kwaraa, nikaiona ni nzuri, imetulia. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama mtu aliyechomwa sindano ya kung'olewa jino. Tulimzika, wanawake wenzake wa sokoni wakalia hadi wengine wakashikwa mikono. Mimi niligawa maji. Mama mmoja alisema, nami nikamsikia, "Huyu mdogo wake mbona mkavu hivi?" Hakukosea. Nilikuwa mkavu.

Shemeji tulimtumia taarifa. Watu wawili waliokuwa wakienda Mererani walibeba ujumbe, wakarudi wakasema hawakumpata, na wenzake wa zamani hawakujua alikohamia. Spika zetu ziliishia mwisho wa mji.

Baada ya matanga nilirudi kazini. Haukupita muda mrefu, redio ikatangaza bajeti kutoka Dodoma, na kesho yake ofisini nikakabidhiwa karatasi ya kusoma: kodi ya maendeleo imefutwa. Nilisoma mara moja kimya, kisha nikamtazama dereva. Naye alikuwa anaifahamu habari yetu.

"Twende," alisema.

Sokoni nilipoisema sentensi ile, watu walisimama. Nikairudia. Mama muuza dagaa akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Mzee mmoja alitoa kwenye koti furushi la stakabadhi zake za miaka yote, lililofungwa kwa mpira, akalinyanyua juu, kisha akalirudisha mfukoni taratibu, hakuamini. Vijana walikimbia pembeni ya gari wakinipigia kelele, "Sema tena, dada! Sema tena!" Nikasema tena. Nilisema siku nzima. Palepale sokoni, mahali dada alipokuwa akitandika turubai lake, kulikuwa na mtu mwingine anauza ndala. Nikapita nikisema kodi imefutwa, kwa mwendo wa kawaida.

Wiki chache baadaye tulikuwa tumesimama stendi, dereva anahangaika na nyaya za betri, mimi niko ndani nakula chapati. Mtu akaja dirishani. Alikuwa amekonda, amevaa koti jipya, amebeba mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uangalifu. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa.

"Shikamoo, shemeji," nilisema.

"Marahaba. Umekuwa mtu mzima." Alicheka kidogo. "Nimesikia redioni wameifuta. Nikasema sasa naweza kutembea mjini kwangu bila kutazama nyuma. Dada yako yuko sokoni au nyumbani?"

Nilimeza chapati. Nikamwambia, "Dada amefariki. Aliugua muda mfupi, akalazwa hospitali. Mazishi yalifanyika saa nane mchana katika makaburi ya Bagara, ibada iliongozwa na mchungaji wa usharika, na majirani, wafanyabiashara wa sokoni pamoja na..."

"Shemeji," alisema. "Unaongea na mimi?"

Ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeinua sauti, ile ya kazini, na watu wa karibu walikuwa wamegeuka. Dereva aliacha nyaya zake, akaja, akamshika shemeji kiwiko, akamkalisha kwenye ngazi ya gari. Shemeji alilia palepale, mbele ya abiria na mizigo yao, amekumbatia ule mfuko. Ndani mlikuwa na doti ya khanga na viatu vya kike. Niliviona baadaye. Nilitafuta neno la kumwambia, nikapata moja tu.

"Pole."

Tulimpeleka kaburini. Alipiga magoti, akang'oa majani kuzunguka msalaba mpaka pakawa peupe, hata pale ambapo hapakuwa na majani akaendelea kukwangua udongo. Dereva alivua kofia. Mimi nilisimama. Nilitambua kwamba huyu mtu anaumia, na kwamba ningepaswa kumchukia au kumhurumia, lakini vyote viwili vilikuwa mbali.

Jioni, nyumbani, aliniuliza kila kitu, nikamweleza pole pole, nikijitahidi kutumia maneno ya nyumbani. Aliniuliza kama dada alimtaja alipokuwa wodini.

"Alisema nikufunulie chakula ukija," nilimwambia. Ilikuwa kweli. Homa ilikuwa imempanda, alidhani yuko nyumbani.

Kisha akasema, "Walionizikia mke sikuwashukuru. Nataka kuwashukuru. Mnaweza kunitangazia?"

Kesho yake alikaa katikati yetu garini. Tuliandaa maneno mafupi: mume wa marehemu amerudi, anawashukuru wote waliomhifadhi mke wake, anaomba radhi kwa kutokuwepo. Nilisoma Bagara, nikasoma sokoni. Watu walitazama kupitia kioo, wakamwona, wakanong'onezana. Wauza mitumba waliacha kazi, wakasimama tu.

Singe, mama mmoja aliyekuwa akipalilia kando ya barabara aliinuka, jembe begani, akalisogelea gari. Dereva akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa.

"Mume mwenyewe ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye, mama," nilisema.

"Alikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Shemeji akakichukua mkononi mwangu. Sidhani kama alikumbuka kwamba kimewashwa.

"Nilikimbia kodi, mama," alisema, na maneno yakaenda mashambani kote. "Walinikalisha chini mbele ya mke wangu. Nikaenda Mererani kutafuta. Nikapata kidogo, nikapoteza. Nikaona haya kurudi mikono mitupu. Mwaka ukaisha, nikaona haya zaidi. Basi. Hakuna kingine."

Yule mama alishusha jembe begani. Mbali kidogo watu wengine walikuwa wamesimamisha majembe yao.

"Na wa kwangu yuko hukohuko," alisema mwishowe. "Unamfahamu?" Akataja jina. Shemeji akatikisa kichwa. Mama akasema, "Haya. Pole na msiba," akarudi kwenye mstari wake, akaendelea kupalilia.

Shemeji alinirudishia kipaza sauti. Nilikizima kwanza. Sigino nilisoma yale maneno mafupi kama yalivyokuwa.

Hakurudi Mererani. Nilitegemea angedai nyumba, na majirani walinishauri nijiandae, lakini alisema, "Hii aliimaliza dada yako, kaa nayo," akajenga chumba kimoja shambani Singe na kuanza kulima. Jumapili alikuja Bagara kula chakula cha mchana, kwa sababu sikujua jinsi ya kumwambia asije, na baadaye kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kupika cha watu wawili. Viatu vile nilivivaa. Vilinibana kidogo.

Watu walisubiri nilie. Rafiki wa dada alinialika kwake, akafunga mlango, akaniambia, "Hapa hakuna mtu, toa tu." Nilikaa kwenye kochi lake nikajaribu. Tukaishia kunywa chai. Machozi yalinijia miaka mingi baadaye, kwa jambo jingine dogo kabisa, na hata wakati ule sikuweza kusema kwa hakika yalikuwa ya nani.

Kilichonishangaza ni shemeji na mikutano ya kata. Mimi nilizunguka kuitangaza, na wengi hawakufika, maana walijua watasomewa tarakimu mpaka jua lizame. Yeye hakukosa hata mmoja. Alifika mapema, akaketi kwenye benchi la mbele, koti lake limefungwa vifungo vyote, akasikiliza mapato, akasikiliza matumizi. Alisubiri aruhusiwe, akasimama, akauliza choo cha shule kilichosomwa kwenye matumizi ya mwaka jana kimejengwa wapi, maana yeye hupita pale kila siku. Mwenyekiti alimjibu kwamba suala limepokelewa. Mkutano uliofuata akauliza tena, kwa upole uleule. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, na mkutano mwingine watu wawili watatu waliketi naye benchi la mbele.

Choo kilijengwa, ingawa si kwa haraka. Siku walipokizindua tulipita sokoni, tukanunua samaki wa ziwani, nikampikia kwa nyanya. Aliniambia mwenyekiti alimpa mkono, na kwamba sasa anataka kuuliza habari ya kisima.

"Waulize," nilisema.

Tulikula. Alisema samaki amezidi chumvi kidogo. Nikamwambia nitapunguza.