Desemba ya Kunong'ona

Mtu akiniuliza kwa nini tulipokwenda likizo kwetu Mikinduri tulikodi chumba cha wanafunzi kule Nchiru, huwa nabadilisha mazungumzo. Mama alikuwa na nyumba kubwa na ua wa kutosha watoto kukimbia mpaka wachoke. Lakini kwetu mkwe halali chini ya paa la mama mkwe wake. Hakuna aliyeliandika hilo popote, ila jaribu kulivunja uone shangazi zako watakavyokutazama.

Mume wangu ni mtu wa Embu, na kwa heshima hana mchezo. Kumwacha nyumbani pia haikuwezekana. Mwanamke akifika kwao Krismasi na watoto na mizigo bila mume, kabla hajaitua mizigo watu wameshasema ameachika. Na mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Masikio ya mama yalikuwa yameanza kumwacha, na wajukuu wake walimjua shosho wao kwenye simu tu. Nilitaka wakae naye, wapige naye gumzo, kabla hajaacha kuwasikia kabisa.

Halafu kulikuwa na mbwa. Mbwa wetu wa kwanza tulimwacha kwa jirani tukarudi tusimkute, kwa hiyo binti yangu mkubwa aliapa kwamba huyu akibaki, naye anabaki. Hoteli moja mjini Meru iliwakaribisha watoto kwa tabasamu, ikamwona mbwa, ikakumbuka kwamba imejaa. Gesti ya sokoni Mikinduri ingepokea chochote chenye miguu, lakini chumba kilikuwa juu ya baa na wanunuzi wa miraa waliingia na kutoka saa zote. Ndipo tukasikia kwamba wanafunzi wa Nchiru wameenda kwao na hosteli ziko tupu.

Mama mmoja mtunza hosteli ndiye aliyetufungulia geti.

"Madam, watoto ni sawa," aliniambia. "Lakini huyu mbwa sasa... Landlodi anaishi hapo chini, na kelele hataki kabisa. Akisikia mbwa amebweka mara moja tu, nyinyi mko nje, na mimi pia niko nje."

"Hatabweka," mume wangu alisema.

Nilimtazama. Alikuwa ameahidi ukimya wa mbwa na wa watoto wawili, na alijua fika ni nani atakayeulinda.

Chumba kilikuwa na kitanda cha ghorofa, sinki, na dirisha la nondo lililotazama ukuta wa jengo la pili. Geti lilifungwa kwa kufuli jua likizama. Kesho yake gari letu lilikataa kuwaka, na fundi akasema spea itabidi itoke Nairobi, na Nairobi yote iko likizo. Matatu hazikukubali kupakia mbwa, na bila mbwa binti yangu hakutoka, kwa hiyo tukabaki pale. Mdogo akidondosha kijiko, sote tuliganda tukisikiliza hatua za landlodi. Mbwa akiinua masikio tu, binti yangu alimfumba mdomo kwa mikono miwili. Walijifunza kucheka bila sauti, wakitikisa mabega tu, na mimi niliwasifu kwa hilo. Nilichukia kuta zile, nikamchukia fundi, na kuna jioni nilimchukia mume wangu na heshima zake zote. Mama alikuwa mlima wa pili tu kutoka pale, na nilihisi nimenaswa kama panya.

Gari lilipona likizo ikiwa imebakiza siku moja. Tulipofika kwa mama, mume wangu alisalimu kwa mbali akaketi na mjomba upande wa zizi. Mama alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kijumba alichojengewa kaka yangu alipotoka jandoni. Kaka alihamia Mombasa zamani na kijumba kilibaki na magunia ya mahindi. Sasa magunia hayakuwepo. Kitanda kilitandikwa blanketi jipya, na kando ya mlango palikuwa na gunia lililokunjwa na bakuli.

"Hilo ni la mbwa," alisema. "Mtoto aliniambia kwenye simu."

Kijumba kilikuwa na paa lake chenyewe. Shangazi wote wangekubali.

"Mama, mbona hukutuambia?"

"Mimi nimwite mkwe aje alale kwangu?" Alinishangaa kweli. "Nilingoja muombe."

Na mume wangu angekula udongo kwanza kabla ya kumwomba mama mkwe kitanda. Nilikaa kwenye blanketi lile nikalia kwa hasira.

Tulipozunguka mbele, watoto walikuwa wameketi kwenye benchi, wamebanana, mbwa katikati. Kuku walipita mbele yake na hakuthubutu kuguna. Mama akaketi nao, akawauliza habari za shule. Binti yangu akajibu. Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio, akauliza tena, akajibiwa tena, kisha akanigeukia.

"Hawa watoto wanaumwa koo?"

"Ongeeni kwa sauti," niliwaambia. "Pigeni hata kelele. Hapa ni kwa shosho."

Binti yangu alitazama geti. Akamfumba mbwa mdomo taratibu, kisha akanisogelea.

"Mummy," alininong'oneza, "hapa wanakubali?"

"Amesema nini?" mama aliuliza.