Bi Gusa na Swichi ya Darini

Mafundi ndio waliombandika mkaguzi wa umeme jina la Bi Gusa, na jina likamkaa. Wakaguzi wengine humulika darini kwa tochi, wakaguna, wakashuka. Yeye hupanda ngazi mpaka kichwa na bega viingie kwenye tundu la kupandia, kisha huzima tochi. Katika giza lile hunyoosha mkono na kupapasa. Akiigusa swichi ya taa ya darini bila kubanduka kwenye ngazi, sawa. Asipoigusa, nyumba haipati umeme, hata ikiwa ya bosi wake, na bosi wake analijua hilo kwa kuwa yalishamkuta.

Kanuni yenyewe haina makuu: dari yenye tangi au mtambo iwe na taa, balbu iwe na kifuniko, na swichi iwe pale mtu anapoingilia. Wengi huiona ni usumbufu mtupu.

Basi siku moja zamu ikaangukia nyumba ya wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, ni mshonaji aliyekuwa amepanga chumba kimoja na mama yake mzazi kwa miaka, cherehani ikiwa imebanwa miguuni pa kitanda. Sasa amejenga. Rangi bado inanuka, na gari la mizigo limeshaagizwa kwa Jumamosi. Kilichobaki ni Bi Gusa kusema ndiyo.

"Leo umekuja kunywa chai tu, wifi," alimtania mlangoni. "Nyumba ya nduguyo utaikagua nini?"

"Chai nitainywa nikishuka. Ngazi iko wapi?"

Akapanda, akazima tochi. Wifi, aliyeshika ngazi chini, alisikia kiganja kikisugua mbao huku na huku. Tochi ilipowaka tena, Bi Gusa aliiona swichi: imefungwa vizuri sana kando ya tangi, upande wa pili wa nyumba. Fundi alijiambia kuwa taa inatakiwa kwenye tangi, basi na swichi ikae huko huko. Kumbe kuifikia lazima uvuke boriti moja baada ya nyingine gizani, na katikati yake hamna kitu ila ubao mwepesi wa dari.

Alishuka na moyo mzito. Alimpenda wifi yake, na alijua kesi hii ingefika kwa mumewe kabla yeye hajavua viatu.

"Haijapita."

Wifi akawaka. "Una roho ngumu wewe. Mama aendelee kulala kwenye kile chumba kwa ajili ya kidude ambacho hakuna atakayekigusa? Ungekuwa mgeni ningekuelewa. Wewe tumekuoa sisi."

Hapo ndipo mtu humvulia Bi Gusa kofia: maneno huyaacha yaishe yenyewe, wala hapandishi sauti.

"Tangi likivuja," aliuliza mwishowe, "nani atapanda?"

"Mimi. Kwani kuna nani mwingine?"

"Na mama atakuwa hapa chini, anasikia kishindo, na kukunyanyua hawezi. Ningekuwa sikupendi ningeipitisha, nikanywa chai yangu nikaenda zangu."

Mama mkwe, aliyekuwa kibarazani akijifanya hasikii, aliacha kujifanya. Akageuza kiti akamtazama binti yake.

Wifi alivua viatu akapanda mwenyewe. Alikaa huko, kichwa ndani ya giza, mkono mmoja umenyooshwa. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele, na hasira zimemwisha. Alimpigia mwenye gari akamwambia Jumamosi asije. Halafu akampigia fundi.

"Njoo uihamishe ile swichi, uilete karibu na tundu. Na usiipime kwa mkono wa wifi yangu, wake mrefu. Pima kwa wangu."