Wino uliofutika kwenye vioo

Leo nimejua kwa nini watu wa maabara huandika kwa penseli.

Mimi, karani mpya ninayejivunia mwandiko, niliandika majina ya wagonjwa wawili kwenye vioo vya hadubini kwa kalamu ya wino. Wakati wa kuvitia rangi, spiriti ikafuta yote.

Kioo kimoja kilikuwa na kipande cha utumbo mwembamba wa mama kutoka Mbuba. Kingine, utumbo mpana wa mzee kutoka Kibimba. Kipi ni kipi? Nikikosea, mtu atatibiwa ugonjwa wa mwenzake!

Nikamwambia mkuu wangu, Dada Editha.

Hakunifokea. Akaweka kioo kwenye hadubini. "Chungulia. Unaona nini?"

"Vidole, dada. Vimebanana kama migomba."

"Basi huo ni mwembamba. Vidole hivyo hunyonya chakula. Mpana hauna, una vishimo tu."

Kioo cha pili: vishimo vitupu.

Jamani, nilipumua!

Nikatoka kumwambia yule mama, aliyekuja kuchukua majibu, asubiri kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatetemeka, mwanangu? Mgonjwa ni mimi au wewe?"