Siku Nilipomlaza Chini Papa Neema

Aibu hii siwezi kuificha, nusu ya Rugenge iliiona kwa macho na nusu nyingine imesimuliwa vibaya, basi afadhali niiseme mwenyewe (nikikosea mahali mnisamehe, shule yangu iliishia njiani).

Kamyo yangu imezeeka, rangi yake siku hizi ni kutu, lakini inabeba mchele kutoka Luberizi hadi Uvira bila kulala njiani, haichagui mazutu, dizeli ya aina yoyote inakunywa, na ikizimika ujue ni minye mwenyewe nimesahau kitu. Gari kama hilo mtu analiacha lilivyo. Sasa Dieumerci, rafiki yangu muunga vyuma, akaniambia silansie, lile debe la kupunguza sauti kwenye bomba la moshi, linakaba motere, nikilitoa kamyo itapanda mulima kama kijana, na tena siku ya kupeleka mahari ya mdogo wangu Shukuru watu watajua kama wakubwa wamefika. Hilo la mwisho ndilo lilinishika. Akalikata.

Niseme haki: nguvu niliiona. Au nilidhani nimeiona, kwa sababu kelele ikizidi mtu anajisikia ana mbio.

Siku yenyewe tulipakia ng'ombe, mama na mashangazi wakasimama nyuma wakiimba (sikusikia hata neno), tukashukia Rugenge kwa njia ya juu kwa kuwa ile ya chini imeliwa na maji ya ziwa. Nyumbani kwa Papa Neema, baba wa bibi arusi, walishakaa chini ya hema, maana kwetu upande wa binti hauinuki kupokea wageni, wanakaa wazito na wageni ndio wanasogea. Mteremko ulikuwa mkali, nikatoa mguu kwenye mafuta, nikaacha motere ishike kamyo kama siku zote, na lile bomba tupu likaanza ta-ta-ta-ta, kavu, mfululizo, sauti ambayo huku kwetu hakuna anayesubiri kuuliza ni ya nini.

Nilipofika chini, hema lilikuwa na viti tu. Watu wote walikuwa kifudifudi, na Papa Neema, na koti lake jeupe, kichwa chini ya meza ya soda, tumbo kwenye matope.

Waliinuka mmoja mmoja. Aliyecheka ni Dieumerci peke yake, tena akasema kwa sauti kwamba alinionya nishuke polepole. Hakunionya. Nimefikiri sana, labda nilisahau, lakini hakunionya.

Papa Neema hakujipangusa. Alimwambia msemaji wetu ng'ombe asishuke, tugeuze tulikotoka. Shukuru akaniangalia. Nikamfuata mzee, nikaanza kueleza habari za silansie, akanikata.

“Weye njo ulinilalisha mbele ya wakwe zangu?”

“Njo minye, papa. Lakini haikuwa kusudi, ni bomba.”

“Bomba haina mikono. Wamekwisha kuniona tumbo chini. Nitakaa tena namna gani?”

Dada yake ndiye aliyejibu, huku akikamua kitenge chake: “Na huyu alale palepale. Tutakuwa tumeonana sote.”

Niliwaka. Kwa nini minye, na suti ya kuazima, wakati aliyekata anacheka? Nikamtafuta Dieumerci, ghafla anakagua matairi. Lakini mguu ulikuwa wangu, na mdomo uliosema kata ulikuwa wangu. Nikalala. Alama ya tumbo la mzee ilikuwa bado kwenye matope, nikaingia ndani yake na nafasi ikabaki.

“Uko vizuri?” akaniuliza kutoka juu.

“Niko vizuri, papa.”

“Baki kidogo.”

Nikasikia kiti kinavutwa, nikasikia anakaa, taratibu, mpaka mbao zikalia. Ndipo akasema ng'ombe ateremshwe. Mdogo wangu alioa nikiwa nimelala.

Silansie imerudishwa, na kazi hiyo sikumpa Dieumerci. Mtu akija tena kuniambia kamyo yangu inakosa kitu, namuuliza kwanza kama yuko tayari kulala pamoja nami.