Mgongo wa Inspekta

Ofisini kwetu Kolkata, katuni ya Inspekta Rudra haibadilishwi sura, wasomaji wasije wakanuna. Anayemchora siku hizi humpa mabega mazito na mikono ya mtu aliyetoka kubeba jeneza. Ukiyaona tu, unajua kazi ya nani. Lakini nyuso anazochora, mhariri Haldar huzifunika zote kwa nyuso zilizokatwa kutoka matoleo ya zamani, anazozibandika kwa gundi. Mchoraji hunywa chai yake tu. Jana alirudi kutoka kwenye msiba wa mkewe na kurasa mpya, na katika kila kisanduku cha katuni Inspekta ametugeuzia mgongo.

"Uso uko wapi, mzee?" Haldar akafoka.

"Si unao wewe?"

Mabega yale ya Inspekta yalikuwa yanalia. Haldar akafunika kopo la gundi.